Dana na Kioo cha Probox

Gari likionekana Kondele na kioo cha mbele kilichopasuka, watu hawaulizi kama ni mawe. Wanauliza ni maandamano ya siku gani. Mtaa wetu hapa Kisumu umepata sifa hiyo kwa matukio ya kweli. Novemba 2021 msafara wa William Ruto, wakati huo akiwa Naibu wa Rais, ulirushiwa mawe hapa, na mwaka 2023 upinzani ulipoitisha maandamano kuhusu gharama ya maisha, barabara yetu ilijaa mawe na moshi wa matairi. Ndiyo maana jirani aliyetuona tukiingia langoni jioni moja, kioo chetu kikiwa na alama, alitupa pole ya siasa kabla injini haijazimwa. Mume wangu akamweleza kwamba jiwe letu halikutoka mkononi mwa kijana yeyote wa Kondele. Lilirushwa na gurudumu la lori la kokoto lililotupita tukitoka Mamboleo, likagonga kioo upande wa dereva kwa mlio mmoja mkavu.

Alama iliyobaki ilikuwa nyota ndogo, upana wake haufiki sarafu ya shilingi ishirini. Fundi wa kwanza tuliyemwonyesha alisema nyota ya namna hiyo hutibika kwa kudungwa utomvu maalumu unaojaza ufa na kugandishwa, mradi iwe mbichi, kavu, na haijaingia vumbi. Lakini shule zilikuwa zimefunguliwa wiki hiyo na karo ilikuwa imefagia kila shilingi ya nyumba. Nyota ikasubiri.

Gari lenyewe ni Probox, gari ambalo Toyota ilianza kulitengeneza mwaka 2002 kwa ajili ya mizigo, na hapa kwetu limebeba kila kitu chenye uzito na kila mtu mwenye haraka. Mume wangu anafundisha sekondari. Mimi nauza mitumba Kibuye. Soko hilo huwa na watu kila siku, lakini siku yake kubwa ni Jumapili, na Jumapili bila gari maana yake ni marobota kubaki nyumbani huku wateja wakinunua kwa mwingine. Katikati ya juma gari hilo hilo hupeleka watoto shule, na mwisho wa mwezi huenda Seme kwa mama mkwe kuleta mahindi. Kwa hiyo tulipoitazama ile nyota, hatukuona kioo peke yake. Tuliona biashara, shule na unga.

Kila mgeni aliyeingia kwetu siku zile alikuja na dawa yake. Mmoja alisema supa gluu. Mwingine alisema dawa ya meno, isuguliwe kwa kitambaa kilaini. Shemeji yangu mdogo hakungoja ushauri zaidi. Alichukua rangi ya kucha ya binti yangu, ile isiyo na rangi, akaimwaga yote juu ya nyota. Binti alirudi kutoka shule akaikuta chupa tupu, na nyumba ikawa na kesi mbili badala ya moja. Chupa nyingine ililipwa. Nyota haikubadilika.

Kilichoimaliza ni jua na maji. Probox ilishinda Kibuye bila kivuli kuanzia asubuhi, na Kisumu ina jua lisilohurumia bati wala kioo. Alasiri tukaipeleka kuoshwa. Maji baridi yalipogusa kioo kilichochemka, ufa uliondoka kwenye nyota ukakimbia hadi karibu na nguzo ya upande wa pili, sote tukiuona ukienda. Kijana mwenye mpira wa maji aliruka nyuma akainua mikono. Hakuwa na kosa. Kioo kinapopata joto hutanuka, na kinapopoa kwa ghafla upande mmoja husinyaa kabla ya upande mwingine. Kikiwa kizima hustahimili, kikiwa na ufa hufuata ufa wake.

Tuliendelea kukitumia hivyo hivyo. Ufa mrefu huvumilika mchana, mtu akauzoea, akajifunza kutazama juu yake au chini yake. Aliyetutoa kwenye mazoea hayo ni mama mkwe.

Alikuja kutoka Seme kwa ajili ya kliniki yake ya shinikizo la damu katika hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo watu wa Kisumu bado huiita Russia kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Sovieti. Watoto humwita dana, nyanya, na mtaa mzima umefuata. Asubuhi ya kliniki alikaa mbele, mume wangu akaendesha, mimi nyuma. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linapanda upande wa Kibos, likaingia kwenye ufa likasambaa kioo kizima. Kwa muda wa pumzi moja mume wangu hakuona kitu. Bodaboda iliyokuwa mbele yetu, mwanamke na mtoto mgongoni mwa dereva, ilijitokeza katika mwanga ule ikiwa karibu sana, na breki zikalia. Hakuna aliyeguswa. Yule mwanamke aligeuka akatutazama, akaenda zake.

Dana hakusema neno hadi tulipoegesha. Kisha akamwambia mwanawe, "Leo nimepimwa presha kabla ya kufika kliniki. Kioo hiki kitolewe."

Jioni tukakaa jikoni na daftari. Bima yetu ni ya mtu wa tatu, ile ambayo sheria ya Kenya inamlazimu kila mwenye gari kuwa nayo. Humlipa uliyemgonga, wala haijui habari za kioo chako. Duka moja la mjini lilituambia Sh15,000 kwa kioo kipya pamoja na kazi. Sanduku la nyumba lilikuwa na elfu nane na mia kadhaa. Zamu yangu ya chama ilikuwa bado mbali. Shemeji akaleta pendekezo kwamba kuna mkata vioo vya madirisha ambaye angetukatia kipande kwa bei ya chini sana. Mume wangu, ambaye ni mwalimu wa kemia, alikataa kabla sentensi haijaisha, na sababu zake zilistahili daftari kuliko hesabu zetu.

Kioo cha dirisha la nyumba kikivunjika hutoa visu. Kioo cha mbele cha gari hakiruhusiwi kuwa hivyo. Ni vioo viwili vyembamba vilivyobanwa pamoja, na katikati yake kuna utando wa plastiki, kama siagi kati ya vipande viwili vya mkate. Kikipigwa hupasuka, lakini vipande hubaki vimeshikwa na utando. Wazo hilo linahusishwa na mkemia Mfaransa, Édouard Bénédictus. Inasimuliwa kwamba mwaka 1903 chupa ya maabara ilimwanguka, ikapasuka bila kutawanyika kwa sababu ndani yake palikuwa pamekaukia utando wa kemikali. Mwaka 1909 akachukua hataza. Vioo vya ubavuni mwa gari ni vya namna nyingine: vimepashwa moto na kupozwa haraka ili vikivunjika viwe punje ndogo zisizokata sana. Kwa hiyo kioo cha mbele si pazia la kuzuia upepo. Humzuia abiria asitupwe nje, husaidia paa lisibonyee gari likipinduka, na katika magari mengi mfuko wa hewa wa abiria hufunguka kwa kuegemea kioo hicho. Mkata madirisha akaondolewa kwenye orodha.

Ikabaki njia ya tatu, kioo kilichotumika. Hapa Kisumu, kama ilivyo kote Kenya, mitaa ya jua kali ina yadi za magari yaliyochanguliwa, na Probox zimejaa nchini. Pacha wake, Toyota Succeed, anafanana naye sana. Mimi nikapewa kazi ya kutafuta, kwa kuwa mtu anayechagua shati zuri kati ya mia moja mabovu ana jicho la vitu vilivyotumika.

Niliyojifunza katika yadi hizo nayasema hapa yamfae mwingine. Kwanza, angalia kona ya chini ya kioo. Pana chapa ndogo iliyochomwa ndani, na ndani ya chapa hiyo tafuta neno la Kiingereza Laminated, au herufi E ndani ya duara pamoja na namba 43R, ambayo ni kanuni ya Umoja wa Mataifa kuhusu vioo vya magari. Kioo kisicho na chapa yoyote, kiache hata kikiwa cha bure. Pili, pitisha ukucha polepole kwenye kingo zote. Kioo kilichotolewa kwa haraka huwa na vidonda pembeni ambavyo jicho halivioni, na ufa mpya huanzia hapo. Tatu, kishikwe wima juani ukitazame kwa ulalo. Mikwaruzo ya waipa itajionyesha yenyewe. Nne, angalia kama plastiki ya ndani imeanza kuwa na ukungu mweupe pembeni. Vioo kadhaa nilivikataa. Mwenye yadi alikasirika, kisha akaniheshimu, kisha akaingia nyuma akatoa kimoja kilichokuwa kimefungwa blanketi. Kilikuwa safi. Aliniambia Sh7,500, tukafunga kwa Sh6,000.

Tuktuk haikukitosha. Bodaboda hata hatukuijadili. Kikapanda mkokoteni, kimelala juu ya godoro la mtoto wangu wa mwisho na kufunikwa shuka zangu za mitumba, nami nikitembea pembeni nimekishika kwa mikono miwili kutoka Kibuye kupanda Jomo Kenyatta hadi Kondele. Kijana wa mkokoteni alikuwa mwangalifu kuliko dereva yeyote. Kila shimo alilizunguka, kila tuta aliniuliza, "Mathe, uko sawa?" Chini ya daraja la juu la Kondele wenye matatu walitupisha wenyewe. Mtu akimwona mama ameshika kioo namna ile huelewa kwamba kuna hesabu ya nyumba juu ya mkokoteni huo.

Fundi alikuja nyumbani Jumamosi adhuhuri. Nilimpenda tangu mwanzo kwa jinsi alivyofunika dashibodi kwa magunia kabla ya kugusa chochote. Aliondoa waipa na plastiki ya chini, akapenyeza waya mwembamba mgumu chini ya kioo, yeye akiwa nje na mume wangu ndani, wakavutana huku na huku kama wakata magogo hadi gundi ya kiwandani ikakatika pande zote. Kioo cha zamani kikatoka. Probox ikabaki uso wazi uani, na juu ya ziwa mawingu yakaanza kujikusanya.

Fundi akafungua mkoba, akatoa tyubu, akakata ncha yake. Harufu ya siki ikajaa uani.

Dana alikuwa ameketi kivulini akichambua mboga. Aliinua kichwa. "Hiyo ni nini?"

"Silikoni, dana," fundi akajibu.

Mama mkwe akaweka ungo chini, akaja akanusa ile tyubu, akamwambia, "Hii naijua. Hii ndiyo iliyokula fremu ya dirisha langu kule Seme. Waliiweka ili mvua isiingie, na baada ya masika mawili chuma kilikuwa kinamomonyoka kwa kidole. Haiingii kwenye gari linalobeba wajukuu wangu."

Mume wangu alikaa kimya kidogo, kisha akamuunga mkono mama yake kwa ushahidi wa somo lake. Harufu ile ni ya asidi. Silikoni ya kawaida ya madirisha hutoa asidi ya siki inapoganda, na asidi hiyo ikikaa juu ya chuma kilichokwaruzwa hualika kutu. Zaidi ya hapo, haikutengenezwa kubeba kioo cha gari wakati wa ajali. Kazi yake ni kuzuia maji. Gundi inayofaa ni ya poliuretani, inayoganda ikawa mpira mgumu na kuvifanya kioo na bodi kuwa kitu kimoja.

Nataka kumtendea haki yule fundi. Hakuficha wala hakubisha. Alisema, "Mwalimu, poliuretani ninaijua na ndiyo bora. Lakini tyubu moja ni kama elfu moja na mia tano, na gari hili linataka mbili. Silikoni ni mia nne. Wateja wangu huniambia bei kwanza, halafu nafanya kulingana na bei." Hayo ndiyo maneno yaliyonikaa kuliko yote katika mkasa huu. Hatari haikuletwa na fundi asiyejua. Ilikuja kwa sababu hakuna mteja aliyewahi kumuuliza.

Sasa pesa. Baada ya kioo na mkokoteni, sandukuni palibaki pesa za kumlipa fundi na kidogo juu yake. Nilikuwa nimeweka kando sehemu ya malipo ya robota jipya. Nikampigia mwenye mali, nikamwomba nafasi hadi wiki inayofuata, akakubali. Mume wangu akapanda bodaboda kwenda mjini kabla maduka ya rangi za magari hayajafungwa. Alipokuwa njiani mvua ikafika. Turubai la kibanda changu cha Kibuye lilitupwa juu ya Probox, majirani wakatoka, akiwemo yule wa pole ya siasa, tukalisukuma gari kwa mikono hadi chini ya mabati ya nyumba yake. Kioo kipya kikaingizwa sebuleni, watoto wakaamriwa wasivuke kizingiti.

Mume wangu alirudi amelowa, tyubu zikiwa kavu ndani ya koti. Dana akataka tarehe isomwe kwa sauti, maana gundi ya namna hii ikipita muda wake haishiki. Tarehe ilikuwa nzuri. Fundi akasubiri mvua ikatike, akafuta ukingo wa chuma, akapunguza gundi ya zamani kwa kisu hadi ikabaki tabaka jembamba lililoshika vizuri, kwa kuwa gundi mpya hupenda kuikalia ile ya zamani kuliko chuma kitupu. Alipokuta mkwaruzo umefika chuma alipaka praima, akangoja ikauke. Kingo za kioo nazo akazisafisha, akapaka praima, na tangu hapo hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa kwa vidole, kwa kuwa mafuta ya ngozi hukataa gundi. Kisha akaikamua gundi kwa mstari mmoja usiokatika kuzunguka fremu nzima. Watoto walimulika kwa simu. Wanaume wawili walikishusha kioo mara moja, bila kukisogeza huku na huku, akakikandamiza kwa viganja, akakifunga kwa utepe wa karatasi kutoka kioo hadi paani ili kisiteleze.

"Hewa ya leo inatusaidia," alisema. Gundi hiyo huganda kwa kunyonya unyevu wa hewani, na jioni ya mvua kando ya ziwa haina uhaba wa unyevu. Akatoa masharti: gari lisiendeshwe usiku huo wala kesho yake, vioo vya ubavuni viachwe wazi upana wa vidole viwili, na mlango usibamizwe. Mlango ukibamizwa gari likiwa limefungwa kabisa, hewa ya ndani hukisukuma kioo nje kabla gundi haijakamata.

Sharti la mwisho ndilo lililotaka mlinzi, kwa sababu mkoba wa shule ulikuwa ndani, chaja ya shemeji ilikuwa ndani, na kila mtu akakumbuka kitu chake. Dana aliweka kigoda kando ya mlango wa dereva, akajifunga leso mabegani, na kila aliyekuja alifunguliwa na kufungiwa mlango na yeye mwenyewe, taratibu, kwa kiganja.

Jumapili marobota yalikwenda Kibuye kwa mkokoteni wa kijana yule yule. Tulichelewa, lakini tuliuza. Jumatatu jioni, kabla ya safari ya kwanza, tulitandaza gazeti kavu juu ya dashibodi yote, mume wangu akamimina maji kwa jagi juu ya kingo za kioo polepole, juu, pembeni, kona zote. Gazeti lilibaki kavu hadi herufi ya mwisho. Daftari likafungwa kwa hesabu hii: kioo Sh6,000, gundi Sh3,000, praima Sh500, fundi Sh2,000, mkokoteni Sh300. Jumla Sh11,800.

Nyumba yenye pesa kidogo hulazimika kuchagua mahali pa kubana, na hakuna aibu katika kubana. Lakini kuna sehemu zinazokubali kubanwa na zisizokubali. Kioo kinaweza kuwa cha mtumba, kikikaguliwa. Usafiri unaweza kuwa mkokoteni. Kazi inaweza kufanyika uani. Gundi na muda wa kuganda havina toleo la bei nafuu. Atakayeokoa elfu mbili hapo atakuwa ameendesha familia yake nyuma ya kioo kilichoegeshwa tu. Kwa hiyo kabla hujamuuliza fundi ni pesa ngapi, muulize anatumia gundi gani, na ngoja akuonyeshe tyubu na tarehe yake.

Mama mkwe amerudi Seme, lakini sifa yake imebaki Kondele. Juzi jirani wa nyumba ya pili alipata fundi wa kumbadilishia kioo cha matatu yake, akaja mlangoni kwetu kuomba namba ya simu. Nilidhani anataka ya fundi wetu. Alitaka ya dana, na alipompata alimwekea fundi simu sikioni ajieleze.